Nani Anamlipa Mbwa Wako?

Mtu akinipigia simu kulalamikia mbwa wake, simuulizi mbwa ni wa aina gani. Namuuliza: akianza huo utundu, hapo nyumbani nani anafanya nini? Kimya kidogo, halafu jibu linakuja: "Aa, dada huwa anamtupia ugali ili anyamaze." Basi hapo nusu ya kazi imeisha. Mbwa anabweka, analipwa ugali. Kesho atabweka mapema zaidi.

Kabla ya kuanza kuzunguka majumbani nilikuwa mwongoza mbwa wa kampuni ya ulinzi hapa Dar es Salaam. Siku hizi nafika Goba, Kimara, Tegeta, Kigamboni, na mbwa ninaowakuta wanafanana: wa kienyeji, au wa kienyeji aliyechanganyika na German Shepherd, kanunuliwa mdogo kwa ajili ya ulinzi, mchana anashinda bandani chini ya bati, usiku anafunguliwa. Ninayoandika hapa ni ya mbwa huyo. Mbwa anayelala kwenye kochi ana matatizo yake, na mara nyingi mwenyewe ana hela ya kuyatatua.

Kwanza hakikisha haumwi

Mbwa aliyekuwa mpole miaka yote na wiki hii ananguruma ukimshika shingo, usimfundishe. Mwite daktari wa mifugo. Sikio lenye usaha linauma, jino bovu linauma, na kupe wakizidi wanamwachia magonjwa ya damu yanayomlegeza na kumfanya ajitenge. Nimewahi kuitwa kwa "mbwa mkaidi asiyesikia akiitwa", kumbe masikio yamejaa uchafu mpaka ndani.

Kuna na lile kubwa zaidi: kichaa cha mbwa. Mbwa akibadilika ghafla, sauti ikawa ngeni, mate yakamtiririka, akawa anang'ata miti na mawe, anashindwa kumeza, anayumba au amepooza taya, usimsogelee hata kama ulimlea mwenyewe. Mfungie bila kumgusa kama inawezekana, kisha mpigie afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Mbwa aliyeng'ata mtu huku anaonekana mzima hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Usimuue haraka, maana ukimuua mapema umemwondolea daktari nafasi ya kujua. Chanjo ya mbwa mwenyewe huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Halmashauri nyingi huchanja karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo fuatilia matangazo ya serikali ya mtaa.

Jinsi mshahara wa mbwa unavyolipwa

Watu wanafikiri malipo ni chakula tu. Mbwa analipwa kwa kutazamwa, kuguswa, kusemeshwa, hata kufokewa. Anayeshinda peke yake bandani akifokewa na mtu mzima aliyetoka mbio na tochi, huo kwake ni mkutano. Analipwa pia na kitu kinachomkimbia. Bodaboda inapita nje ya geti, anabweka, bodaboda inaondoka. Ingeondoka tu, lakini yeye anaamini ameifukuza, na kazi inayofanikiwa hivyo mara ishirini kwa siku haiachwi.

Ukiacha kulipa, tabia haifi papo hapo. Kwanza inapanda. Mteja aliyezoea kukopa kwa Mangi, siku Mangi akikataa, haondoki kimya, anapandisha sauti kwanza. Mbwa naye atabweka zaidi, ataruka zaidi, na hapo ndipo wengi wanashindwa na kumtupia kipande. Kumlipa mara moja moja namna hiyo ni kubaya kuliko kumlipa kila siku, kwa sababu umemfundisha kwamba uvumilivu una faida. Kama huna nguvu ya kupita hicho kipindi, bora usianze.

Mshahara wa tabia njema mimi natumia dagaa. Dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani, wasiotiwa chumvi, mmoja mmoja, kwenye kopo tupu la mafuta ya kupaka linaloingia mfukoni. Harufu yake mbwa anaifuata hata akiwa na shughuli nyingine. Ngozi ya kuku iliyochemshwa inafaa pia. Mabaki yenye vitunguu usimpe, yanamharibia damu, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano tumboni.

Dagaa atoke ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kitendo. Ukichelewa, umelipa kitu kingine. Ndiyo maana natumia neno moja fupi, "safi!", linalotoka mdomoni wakati ule ule mbwa anapofanya jambo sahihi, na dagaa analifuata neno. Siku ya kwanza sema tu "safi", mpe dagaa, "safi", mpe dagaa, bila kumdai chochote, mpaka ukilitamka anageuza kichwa kukutafuta.

Halafu kaa kikao na watu wa nyumba. Silisemi kwa mzaha. Baba anasema "shuka", mama anasema "toka", watoto wanasema Kiingereza cha kwenye filamu, mlinzi anapiga mluzi, dada anatumia fagio. Chagueni maneno manne: kaa, acha, kimya, njoo. Yaandikwe kwenye karatasi, ibandikwe jikoni, na dada wa kazi awe wa kwanza kuelekezwa kwa sababu ndiye anayekaa na mbwa muda mrefu kuliko wote. Mwenye nyumba akiniambia "mfundishe wewe tu, sisi tuna kazi", huwa naaga.

Anayerukia wageni

Hili ndilo naitiwa zaidi, na kwetu pwani lina uzito ambao vitabu vya Ulaya haviujui. Waislamu wengi wa huku wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate au unyevu wa mbwa ukigusa mwili au nguo ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Jirani ametawadha, amevaa kanzu, anapita kwako dakika moja kukupa habari ya msiba kabla ya Magharibi, mbwa wako anamwekea miguu kifuani. Hujamchafulia nguo tu, umemrudisha nyumbani. Na wewe ukisimama pale unacheka, "haumi huyo, anacheza", unaharibu ujirani.

Kwa hiyo kuna mambo mawili, na yasichanganywe. La kwanza ni la leo: geti halifunguliwi mpaka mbwa awe kwenye kamba au bandani. Weka ndoano ya kamba ukutani karibu na geti ili usianze kuitafuta mgeni akiwa anagonga. La pili ni mafunzo, na yanaanza na watu wa nyumbani.

Ingia uwanjani. Akikurukia, mgeuzie mgongo, mikono ikunje kifuani, usiseme neno, usimwangalie. Usimsukume kwa mikono wala kumpiga goti. Kwake kusukumana ni mchezo, na umeshamlipa. Atazunguka mbele, nawe geuka tena. Miguu yote minne ikigusa ardhi, hata kwa bahati, "safi!", na dagaa mpe chini kabisa, usawa wa magoti yako, asipate sababu ya kuinuka. Akiruka tena, mgongo tena.

Akishaelewa kwamba juu hakuna kitu, mfundishe kukaa. Shika dagaa mbele ya pua yake, mpandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikifuata juu, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini, "safi!". Usimkandamize mgongo. Neno "kaa" liongeze baadaye, akishakuwa anakaa kwa mkono peke yake.

Sasa hamieni getini. Mtoto mkubwa atoke nje, agonge, aingie. Mbwa kwenye kamba, akikaa, mgeni anasogea. Akiinuka, mgeni anarudi nyuma hatua mbili. Hapo malipo yenyewe ni mgeni. Rudieni mpaka mbishane nani amechoka. Baadaye mtafute rafiki anayependa mbwa aje kuwasaidia. Jirani asiyetaka kuguswa na mbwa haingii kwenye zoezi hili hata siku moja. Usimgeuze shehe wa watu kifaa cha mafunzo.

Watoto wana somo lao: wasikimbie huku wanapiga kelele. Mtoto akikimbia mbwa anafuata, akipiga kelele mbwa anafurahi. Mfundishe mtoto kusimama tuli, mikono ikishikana mbele, macho kwenye vidole vya miguu yake. Mbwa anachoka kusubiri haraka kuliko unavyodhani.

Kubweka usiku kucha

Mama mmoja wa Kimara aliniambia, "Mwalimu, huyu ana pepo, hanyamazi mpaka alfajiri." Nikamwambia, "Mama, hana pepo. Amelala mchana kutwa, muda wa saa kumi na mbili." Banda lilikuwa futi nne kwa nne, bati juu, hakuna upepo, maji kwenye kopo lililokauka. Mbwa alishinda amelala kwa joto, saa nne usiku anafunguliwa na nguvu zake zote, na kazi pekee aliyonayo duniani ni kubweka.

Ndiyo maana sianzi na kubweka, naanza na mchana. Banda lihamie kivulini au liwekewe makuti juu ya bati, na lazima aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Maji yawepo saa zote. Alfajiri kabla jua halijakali mtoe kwa kamba, nusu saa inatosha, na mwache anuse. Watu wanamburuza mbwa utadhani wanawahi daladala, wakati kunusa ndiko kunakomchosha akili. Jioni, badala ya kumwekea chakula chote kwenye sufuria, mwaga sehemu ya dagaa wake kwenye majani ya uwanja, atafute mmoja mmoja. Dakika kumi na tano za pua kazini zinamtuliza kuliko mbio za kuzunguka nyumba.

Kisha ondoa anachobwekea. Geti la nondo linaloonyesha miguu ya wapita njia lizibe chini kwa bati au ubao. Hilo peke yake limewarudishia watu wengi usingizi, na ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya mchana mmoja.

Mlinzi naye asimjibu kwa kelele. Ukipaza sauti "nyamaza wewe!" kutoka kibandani, mbwa anaona umejiunga naye. Neno "kimya" lifundishwe mchana. Mtu agonge geti, mbwa abweke mara mbili tatu, wewe nenda kwake bila haraka ukiwa na dagaa, mwekee puani. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja. Akinyamaza sema "kimya", hesabu mbili moyoni, "safi", mpe. Siku zinazofuata hesabu inaongezeka: tano, kumi, ishirini. Usidai awe bubu, ulimnunua kwa ulinzi. Abweke, uende uangalie, umwambie kimya, anyamaze.

Wapo wanaobweka au kulia sauti ndefu adhana ikianza. Hawana ubaya na mtu. Sauti iliyovutwa inafanana na mlio wa mbwa mwenzake wa mbali, naye anaitikia. Muda huo mpe shughuli bandani, mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe kwa mfano, na majirani watashukuru.

Anayenguruma kwenye sufuria

Hapa ndipo watu hung'atwa, kwa hiyo nitasema polepole. Mlio ule ni taarifa. Mbwa anakwambia hajisikii salama. Ukimpiga kwa sababu amenguruma, kuna siku hatanguruma, atang'ata moja kwa moja, na utasema aling'ata bila sababu.

Kuna wanaoshauri umnyang'anye chakula mara kwa mara ili ajue nani mkubwa wa nyumba. Wazo la mbwa kugombea ukubwa lilitokana na mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Walikuwa wanyama waliorundikwa pamoja mahali padogo, wakapigana. Mtafiti L. David Mech, aliyewafuata porini, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Ukimnyang'anya mbwa chakula, unachomthibitishia ni kwamba hofu yake ilikuwa sahihi.

Fanya kinyume chake. Wakati anakula pita mbali, umbali ambao hainui kichwa wala hakazi mwili, tupa kipande cha nyama karibu na sufuria, endelea na safari. Usisimame. Siku kadhaa hivyo hivyo, ndipo usogee hatua moja. Unataka akikuona unakuja atikise mkia kwa sababu kuja kwako kunaongeza. Akikaza mwili umesogea haraka mno, rudi nyuma. Watoto wasiwepo kabisa, na mbwa ale mahali penye mlango unaofungika. Kama ameshamng'ata mtu kwenye chakula, usiendelee na maandishi yangu, mwite daktari na mtu mwenye uzoefu waje wamwone.

Ndala, mashimo na kuku

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto na huyabadilisha kati ya miezi minne na sita. Fizi zinawasha, atatafuna. Ndala ziwekwe juu, yeye apewe kamba nene yenye mafundo au kifuu cha nazi. Ukikuta kiatu kimeliwa tayari, okota vipande unyamaze. Ule uso wa "najua nimekosa" si ungamo. Mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilipima jambo hilo mwaka 2009: mbwa walionyesha uso huo zaidi wakikaripiwa, wawe wamekosa au hawajakosa.

Anayechimba mara nyingi anatafuta ubaridi. Mpe kivuli na sehemu moja ya mchanga ulioloweshwa, zika humo mfupa, na maua ya mama yatapona.

Kuku ni habari nyingine, na sitakudanganya. Mbwa aliyekwisha kuua kuku amelipwa na kuku mwenyewe, damu, manyoya, mbio zote, na mimi sina dagaa wa kushindana na hilo. Kumfunga kuku mfu shingoni hakumfundishi, kunamnukisha tu. Jenga banda la kuku lenye wavu imara na usimwache mbwa huyo peke yake na kuku. Mtoto wa mbwa anaweza kulelewa pamoja na kuku akiwa kwenye kamba, akilipwa kila anapowatazama na kugeuka. Hiyo inafanikiwa, tena vizuri. Mbwa mzima mwenye rekodi ya kuua, mtenganishe.

Na nikiwa hapo: pilipili na nyigu kwenye chakula havimfanyi mbwa kuwa mlinzi. Pilipili inamchoma tumbo, nyigu wanamuuma mdomo. Vivyo hivyo kumfungia gizani. Anatoka mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani na kumkimbia mwizi.

Akitoroka getini

Wengi wanamwita mbwa aliyetoroka kwa hasira, anarudi, anachapwa. Fikiria alichojifunza: nikirudi napigwa. Wiki ijayo anasimama mita tano anakuangalia. Akirudi, hata baada ya saa tatu za kukuaibisha mtaani, mlipe. Dume ambaye hajahasiwa atafuata harufu ya jike kuliko neno lako, zungumza na daktari kuhusu kumhasi, maana matembezi hayo ndiyo pia yanayoleta uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana.

"Njoo" ifundishwe ndani ya uwanja kwa kamba ndefu ya mita kumi. Mwache azurure, mwite mara moja tu kwa sauti ya furaha, rudi nyuma hatua chache ukichuchumaa, akifika "safi" na dagaa watatu mfululizo, kisha mwache aende tena. Kumwachia aende ni sehemu ya malipo. Kama kila ukimwita ni kumrudisha bandani, neno limekufa. Usimwite kwa "njoo" ukitaka kumwogesha au kumtoa kupe. Mfuate mwenyewe ukamchukue.

Kamba hiyo nunua duka la vifaa vya ujenzi na uchague ya katani. Ya nailoni ni rahisi, lakini mbwa wa kilo thelathini akichomoka mbio inakuchuna viganja.